Uso wa Mzee Obwocha

Rafiki yangu Obwocha ana uso ambao haujawahi kucheka mbele ya watu. Simsingizii. Tumekaa jirani hapa Nyacheki tangu tukiwa wavulana wa kuchunga ng'ombe, na leo sote tuna miaka sitini na saba. Picha yake ya kitambulisho, ya harusi, na ile aliyopigwa siku alipowekwa kuwa mzee wa kanisa, zote zina uso ule ule mmoja. Ukimwuliza sababu, atakuambia kucheka ni kwa watoto na wauza mitumba. Mimi huona ni uvivu tu wa mashavu, lakini sijawahi kumwambia.

Ni mkulima wa chai asiyekunywa chai. Alifundishwa kanisani kwetu, kwa Wasabato, kwamba chai inasisimua mwili, kwa hiyo yeye huichuma, huipeleka kituoni ikapimwe, amesomesha watoto wanne kwa chai hiyo hiyo, kisha hurudi nyumbani akanywa uji. Pombe hagusi. Sigara hajui hata inashikwa upande gani. Kwa usafi huo wote aliamini kwamba magonjwa makubwa yameandikiwa watu wengine, na kila aliposikia kwamba fulani wa Suneka ameanguka kwa presha, swali lake la kwanza lilikuwa fulani huyo alikuwa akinywa nini.

Chumvi hakuna aliyemkataza. Obwocha hutia chumvi kwenye mboga kabla ya kuionja. Hutia kwenye parachichi, kwenye ndizi za kuchemsha, na nimemwona kwa macho yangu akiitia kwenye maziwa lala. Mkewe, Nyanchoka, alichoka kuinuka kila mara kuifuata jikoni, akaamua kopo la chumvi likae mezani siku zote karibu na Biblia. Wageni walidhani ni sukari, na zaidi ya mchungaji mmoja aliharibikiwa na uji pale.

Mwana wake wa pili, Duncan, ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kisii na hurudi mwisho wa wiki. Mke wa Duncan, Nyanchera, anakaa hapa hapa bomani na binti yao Ruth, na huchuma chai pamoja na wakwe zake. Sasa hapo ndipo niseme habari ya chinsoni, maana bila hiyo hutaelewa ujinga wetu.

Chinsoni ni ile heshima ya kuoneana aibu. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Haingii chumba chake cha kulala, naye baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe hata ikiwaka moto. Atasimama nje aite watu. Wanaweza kusalimiana, wakazungumza habari za mvua na za ng'ombe, kila mmoja akitazama upande wake, lakini habari za mwili wa mzee haziguswi kabisa. Kwa miaka kumi na mmoja Nyanchera aliishi hatua hamsini kutoka kwa Obwocha bila kujua kwamba ana kovu juu ya jicho. Analo. Mimi ndiye niliyempa, kwa jiwe, tukiwa darasa la tatu.

Mimi ni wa ukoo mwingine, kwa hiyo kamba yangu ni ndefu kidogo. Nyanchera huniita Baba Alfayo, kwa jina langu mwenyewe, hunitazama, na akiona inafaa hunigombeza.

Serikali ilipotafuta wahudumu wa afya wa vijiji, Obwocha mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye baraza la chifu akataja jina la mkwe wake. Alisema ni mwanamke mwenye adabu na kidato cha nne. Nadhani pia alipenda lile koti la bluu la wahudumu litoke bomani kwake. Nyanchera alifunzwa, akapewa koti, simu ya kuandikia, na mkoba wenye mashine ya kupima presha. Akagawiwa nyumba mia moja za kuzungukia, na kwenye orodha, nyumba namba moja ilikuwa ya baba mkwe wake.

Alipima kijiji kizima. Alipima wanawake kwenye foleni ya kituo cha chai, akapima waendesha bodaboda, akanipima mimi, na akaniambia nipunguze mafuta. Nyumba namba moja ilibaki tupu kwenye simu kwa miezi mitano. Utamfungaje baba mkwe kitambaa cha kupimia kwenye mkono uliokatazwa kuugusa?

Mwishowe tulipata njia, na tukajiona werevu sana. Obwocha alikaa sebuleni. Mimi nilimfunga kitambaa mkononi nikabonyeza kitufe. Nyanchera alisimama nje, nyuma ya tangi la maji, nami nikamsomea namba kupitia dirishani: mia moja themanini na sita, chini mia moja kumi na nne. Kisha akaniita nitoke.

"Baba Alfayo, mwambie hivi," akasema, na alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. "Presha hii inaua mtu akiwa amesimama shambani. Haiumi, haipigi hodi. Aende kituo cha afya kesho, si akipata nafasi. Atapewa dawa, na dawa ni ya kila siku, hata akijisikia mzima, mpaka mwisho wa maisha yake. Na chumvi itoke mezani. Umeshika?"

"Nimeshika," nikasema.

Nilikuwa karani wa kituo cha chai kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kukagua kikapu cha mkulima: majani mawili na chipukizi yapite, jani gumu litupwe. Kutoka kwenye tangi la maji hadi sebuleni ni hatua kumi na mbili, na ndani ya hatua hizo niliukagua ujumbe wa Nyanchera. Kumwambia mwanamume mzima, mzee wa kanisa, kwamba mkwe wake anamwamrisha aende kesho? Jani gumu. Kwamba atakunywa vidonge mpaka afe? Gumu zaidi. Kwamba kopo lake la chumvi liondoke? Hilo hata kulitamka ni matusi. Nilipofika mbele yake nilikuwa nimebaki na kiganja cha majani laini.

"Mkwe anakusalimu," nikamwambia. "Anasema presha imejivuta kidogo. Ukipata nafasi, pitia kituo cha afya."

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Alipata nafasi baada ya wiki tatu. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimeza kwa uaminifu hadi cha mwisho, akajisikia mzima, akaacha, kama mtu anavyoacha dawa ya malaria ikiisha. Nani alikuwa amemwambia vinginevyo? Nilipopendekeza apimwe tena alisema yeye si ndama wa kupimwa kila mwezi. Nyanchera aliniuliza mara kadhaa kama Tata, yaani baba mkwe wake, anakunywa dawa. Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri, jibu ambalo mtu anaweza kulitoa juu ya mtu yeyote ambaye bado hajazikwa. Hayo ni ya miaka miwili iliyopita.

Mwaka huu, Sabato moja alasiri, mchungaji alimpa Nyanchera nusu saa afundishe kanisani kuhusu kiharusi. Alisimama mbele na koti lake la bluu, lakini hakuanza, kwa sababu viti vya wazee wa kanisa viko pale pale mbele, na Obwocha alikuwa kwenye kimojawapo. Alitazama dirisha. Obwocha akatazama paa. Tukangoja. Mwishowe Obwocha akainuka taratibu, akachukua Biblia yake, akatoka nje ili mkwe wake apate uhuru wa kusema. Watu walinong'ona kwamba huyo ndiye mzee anayejua heshima, na mimi nilinong'ona nao.

Basi tukafundishwa sote, isipokuwa yule mmoja. Nyanchera alisema kiharusi ni damu kukatika njia kichwani, ama kwa kuziba ama kwa mshipa kupasuka. Akatuamrisha tutabasamu, kanisa zima, ili tuone uso unavyotakiwa kupanda pande zote mbili. Akatuambia tuinue mikono yote miwili tuone kama mmoja unashuka wenyewe. Akatufanya tuseme sentensi moja, kwa sababu ulimi wa aliyepatwa huwa mzito. Na ukiona moja tu ya hayo, akasema, tazama saa, usimpe maji wala chakula wala kidonge cha jirani, usimlaze ukisubiri apate nafuu, mpeleke hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Mimi nilitabasamu vizuri na kuinua mikono vizuri. Kama kungekuwa na mtihani ningepita.

Mtihani ulikuja Jumatano moja ya mwezi wa nne.

Nyanchoka alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwa dada yake Suneka. Obwocha alikuwa shambani akichuma, na Nyanchera alikuwa mistari minne ya chai kutoka kwake, akiwa amempa mgongo kama desturi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kikapu nilichokifudikiza mwisho wa mstari wa Obwocha, nikimsimulia kesi ya ng'ombe wa jirani yangu aliyeingia kwenye mahindi yangu. Obwocha huimba akichuma. Ana wimbo mmoja wa kanisani wa beti nne, na akimaliza anaanza tena. Siku hiyo alifika ubeti wa tatu, maneno yakamgandamana mdomoni, akanyamaza. Nilifurahi, maana sasa angenisikiliza.

Nilimtazama usoni nikiendelea na ng'ombe wangu. Pembe ya kulia ya mdomo wake ilikuwa imeshuka. Nikadhani hakubaliani nami juu ya fidia ya mahindi. Kwa uso ule, huwezi kujua.

"Baba Alfayo!" Nyanchera akaita kutoka kule, bila kugeuka. "Mbona Tata ameacha kuimba?"

"Amechoka."

"Hajawahi kuchoka kwenye ubeti wa tatu."

Nikaendelea na simulizi langu. Nilikuwa nimefika mahali pazuri pa kesi.

"Baba Alfayo." Safari hii sauti ilikuwa karibu zaidi, naye alikuwa amegeuka nusu, akiangalia chini, kwenye miguu yetu. "Gambuti lake la kulia limelalia upande. Na majani yanaanguka nje ya kikapu. Tazama mkono wake."

Nikatazama. Majani yalikuwa yameanguka kweli. Mzee yeyote anaangusha majani.

"Mwambie atabasamu," akasema Nyanchera.

"Mama Ruth, unamjua baba mkwe wako? Atabasamu leo, Jumatano, bila sababu?"

"Mwambie!"

Nikamwambia. Obwocha akanitazama kwa dharau, na dharau hiyo ilikaa upande mmoja tu wa uso. Hata hapo, ndugu zangu, mimi niliyefundishwa, mimi niliyemtazama uso huo kwa zaidi ya miaka sitini, nilipaza sauti nikasema, "Yuko sawa! Amekasirika tu. Nitampeleka apumzike, anywe maji."

Nikasikia chai ikipasuliwa. Vichaka vyetu ni vya zamani, vimeshikana, hakuna mtu anayevikata katikati kama anaipenda sketi yake. Nyanchera aliikata mistari yote iliyobaki. Akaja akasimama mbele ya baba mkwe wake, akainua kichwa, akamtazama usoni.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi jambo hilo lilivyonishtua. Kabla sijaogopa ugonjwa, niliogopa chinsoni. Nilisema, "Mama Ruth!" kama mtu anayemkemea mtoto aliyeingia chumba cha watu. Obwocha mwenyewe aligeuza uso. Nyanchera akamshika kidevu, kwa vidole vitatu vilivyojaa utomvu wa chai, akaurudisha.

"Tata, inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika kiunoni ukarudi chini. Obwocha akautazama akiwa haamini, kisha akataka kusema neno, na kilichotoka hakikuwa neno. Hapo ndipo nilipoogopa kama binadamu.

"Saa ngapi?" Nyanchera akaniuliza.

Nina saa ya mkononi ya siku za kazi. Huo ndio mchango wangu wote wa siku ile. "Saa tatu na dakika kumi na nne."

"Aliacha kuimba kama dakika nne zilizopita. Saa tatu na kumi." Akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja chake, akatoa simu.

Kwanza alimpigia Duncan, akamwambia awe mlangoni pa hospitali kubwa ya mjini. Kisha Omosa, dereva wa teksi ya Probox, ambaye alifika baada ya dakika kumi na mbili, akamwona Obwocha, akavua kofia, halafu akasema jambo ambalo kila mtu wa kwetu angelisema.

"Tupitie kwake kwanza avalishwe suti. Mzee wa kanisa huwezi kumpeleka mjini na gambuti."

Nilikubali mara moja. Nilianza hata kukumbuka Nyanchoka huweka wapi ile suti ya kijivu. Nilifikiri pia aoshwe miguu. Watu wangapi wa kwetu wameoshwa, wakapakwa mafuta, wakafungwa tai, wakafika hospitali wakiwa nadhifu na wamechelewa!

"Ataenda hivyo hivyo," akasema Nyanchera. "Shikeni huku."

Alikaa naye kiti cha nyuma, kichwa cha mzee kwenye bega la koti la bluu, na mimi upande wa pili nikiishika miguu. Njia nzima Obwocha alijaribu kuficha uso wake dirishani. Hakuwa na nguvu za kuinua mkono, lakini za kumwonea aibu mkwe alikuwa nazo tele. Nyanchera naye alikuwa akimlaza kwa ubavu ili mate yasimrudie kooni, akimfuta mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Pale Masimba nilitaka tusimame nimnunulie soda ya kumtia nguvu. Nyanchera aliniangalia mara moja tu, na Omosa akakanyaga mafuta.

Tulifika kabla ya saa tano. Duncan alikuwa mlangoni na miwani yake ya kuchomelea ikiwa bado kichwani. Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa ziwa, Daktari Adongo, na swali lake la kwanza alilielekeza kwangu kwa sababu nilikuwa mwanamume na nilikuwa na mvi.

"Ilimpata saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema.

"Asubuhi gani, mzee? Asubuhi yenu inaanza jogoo akiwika na inaisha saa saba."

Nyanchera akafungua kiganja. "Saa tatu na dakika kumi. Ubeti wa pili aliuimba vizuri, wa tatu akashindwa."

Daktari Adongo alimtazama, akatazama koti, akaanza kutembea haraka. Alitueleza huku akitembea: picha ya kichwa itaonyesha kama ni damu imeganda au mshipa umepasuka. Kama imeganda, ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini haitolewi zikishapita saa nne na nusu tangu ilipoanza, na bila kujua saa ya kuanza hathubutu kuitoa. "Wengi wananiletea mtu kesho yake," akasema, "amevaa tai."

Picha ilionyesha damu iliyoganda. Wakaishusha presha kwanza, kisha saa sita kasorobo ile dawa ikaingia kwenye mshipa wa mkono wa Obwocha. Sote tulikuwa tumesimama pale kando ya kitanda, Duncan, Nyanchera na mimi, na Obwocha alikuwa macho, akisikia kila kitu.

"Alikuwa anajulikana ana presha?" daktari akauliza, akiandika.

"Ndiyo," akasema Nyanchera. "Miaka miwili iliyopita ilikuwa mia moja themanini na sita kwa mia moja kumi na nne. Nilituma ujumbe kwamba aende kituo cha afya kesho yake, na dawa ni za kila siku mpaka mwisho wa maisha, hata akijisikia mzima. Na aache chumvi."

"Ujumbe ulimfikia?"

Nyanchera hakunitazama. Angeweza kunitazama, kamba yangu ni ndefu. Alitazama kiganja chake, pale penye wino.

"Niliutuma, daktari," akasema.

Nimeishi na chinsoni maisha yangu yote, nikijua nani anamwonea nani aibu na kwa hatua ngapi. Siku hiyo niliona aibu yenyewe, isiyo na desturi ndani yake. Niliinama nikatazama sakafu, na nilipoinua macho, Obwocha alikuwa ananitazama mimi kutoka kwenye mto. Alikuwa na mjumbe mmoja tu maishani mwake, na alimjua.

Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na moja. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia unashika kikombe lakini hauchumi chai, na maneno yake hutoka polepole, kama anayatafuta kwenye mfuko wenye vitu vingi. Daktari alisema ana bahati, hayo ni mambo madogo. Wiki ya pili wazee wawili wa ukoo walikuja, wakakaa, wakazungukazunguka kwenye habari za mvua, kisha wakauliza kama si vizuri kutafutwe mbuzi wa kuchinjwa ili kusafisha lile lililotokea shambani, la mkwe kumshika baba mkwe kidevu. Nyanchoka alitaka kuwafukuza kwa mwiko. Obwocha ndiye aliyewajibu.

"Mbuzi," akasema, "daktari... amenikataza... mafuta."

Wakaondoka.

Lakini msidhani chinsoni imekwisha. Mtu haachi heshima ya miaka kumi na mmoja kwa sababu ya damu iliyoganda. Kila Jumapili asubuhi Obwocha hupimwa kwenye veranda, na utaratibu tuliotengeneza ni huu: kiti chake kinageuzwa kitazame shamba, Nyanchera husimama nyuma, hupitisha mikono kutoka nyuma akafunga kitambaa, na hasemi naye. Kila Jumapili kuna zoezi la kutabasamu, daktari ameagiza. Kwa kuwa Nyanchera yuko nyuma na Nyanchoka macho yake yana ukungu, mkaguzi wa tabasamu la mzee Obwocha ni mimi. Ndiyo, mimi yule yule. Nyanchoka anacheka kila akiniona nikivuta kigoda.

Jumapili ya kwanza ya utaratibu huu, namba zilitoka nzuri, mia moja thelathini na nane. Nyanchera akasema kutoka nyuma ya kiti, "Baba Alfayo, mwambie atabasamu."

Nikamwambia. Obwocha akanitazama, na baada ya miaka sitini na saba, kwa amri ya hospitali, akatabasamu. Kulia kulibaki nyuma kidogo. Nilisema, "Kushoto umefika, kulia bado."

Hakuacha kunitazama. Tabasamu lilipoondoka alibaki na uso wake wa siku zote.

"Alfayo," akasema. "Ile siku. Ya tangi la maji. Mkwe alikutuma... nini?"

Nyuma ya kiti mikono ya Nyanchera ilisimama juu ya kitambaa. Nyanchoka alikuwa mlangoni na sufuria, naye akasimama. Nilikuwa na maneno mengi laini, ninayo siku zote, lakini nilimtazama rafiki yangu, na lile kovu nililompa, na ule mdomo niliompa pia, na nikayaacha.

"Alisema presha hii inaua mtu akiwa amesimama shambani," nikamwambia. "Haiumi, haipigi hodi. Alisema uende kituo cha afya kesho, si ukipata nafasi. Utapewa dawa, na ni ya kila siku, hata ukijisikia mzima, mpaka mwisho wa maisha yako. Na chumvi itoke mezani."

Obwocha alisikiliza akiutazama mkono wake wa kulia uliolala pajani.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Nyanchera alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kupumua kwenye kola yake, akisikia kila neno.

"Mwambie nimesikia," akasema Obwocha. "Mwambie... asante. Na safari hii, Alfayo, usipunguze."